Mpira Tulioukamua Msituni

Juzi nilinunua mabungo Tegeta, kwa mama mmoja aliyeyajaza kwenye ndoo kando ya barabara. Nilipofika nyumbani nikaanza kuyapasua nitengeneze juisi, kumbe moja lilikuwa bado bichi. Likatoa utomvu mweupe, ukanigandia vidoleni. Nikausugua, ukajikunja ukawa kiuzi, nikauviringa ukawa kigololi. Nikakiangusha sakafuni. Kikaruka! Mwenzangu, mtu mzima mimi, mwenye wajukuu wawili, nilisimama jikoni peke yangu nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Keti nikusimulie kilichonichekesha.

Mama yangu alipokwenda kusomea uuguzi aliniacha kwa bibi yangu Mkange, huko ndani unakoelekea Saadani. Nilikuwa na miaka tisa. Shamba la bibi lilipakana na msitu, na kulipopambazuka ungesikia adhana, kisha jogoo, kisha mchi wa jirani kwenye kinu. Nilichota maji kabla ya shule, nikirudi nakuna nazi, na mpunga ukikaribia kuiva nashinda shambani nikifukuza ndege kwa kupiga debe. Tulikula muhogo wa nazi, kunde, na siku za neema samaki mkavu aliyechomwa juu ya makaa. Bibi aliniita "mke mwenzangu", maana marehemu babu, kwa utani wetu wa pwani, alikuwa mume wangu pia.

Shuleni jioni ilikuwa saa ya michezo. Wavulana walikuwa na mpira wa ngozi na uwanja mzima. Sisi wasichana tulicheza rede. Unaikumbuka? Wawili wanasimama huku na huku wakirushiana mpira, na wewe uko katikati unajaza mchanga kwenye chupa huku unaukwepa usikupige. Mpira wetu ulikuwa matambara yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Mvua ikinyesha ulilowa ukawa mzito kama kinyunya cha unga. Na kila tulipomwomba mwalimu wa michezo atupe uwanja japo siku moja, alitabasamu akatujibu neno lilelile: "Uwanja ni wa mwenye mpira." Basi tukarudi nyuma ya vyoo, kwenye mbigili, tukacheza huku tukichomoa miiba nyayoni.

Hapo ndipo jirani yetu alipokuja likizo. Alikuwa mzee mpole aliyefanya kazi ya kukata majani kwenye viwanja vya gofu, Dar es Salaam. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatia mkono mfukoni akanipa kimpira kidogo cheupe, kigumu kama jiwe, chenye vishimo vishimo ngozi nzima.

"Wenyewe wanakipiga kwa fimbo," akatueleza, "halafu wanakifuata kwa miguu. Wakikifikia, wanakipiga tena."

Bibi akamtazama. "Na mbuzi wanawachunga saa ngapi?"

Jirani alicheka akapaliwa na kahawa.

Mimi sikungoja. Nilikwenda kwenye baraza yake ya saruji nikakibamiza kile kimpira kwa nguvu zangu zote. Kiliruka juu ya kichwa changu, kikapita uani kwetu, nikasikia "paa!" Kilikuwa kimeupata mtungi wa bibi wa maji ya kunywa, ule aliokuja nao siku alipoolewa. Maji yakatapakaa, kuku wakakimbia.

Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Aliokota kimpira, akaenda kuleta kisu, akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi akaanza kukikata. Nililia kama niliyefiwa. Ganda likapasuka, na mara ndani kukaanza kutambaa kitu. Uzi! Uzi mwembamba uliovutwa na kuzungushwa mara zisizohesabika, ukawa unakatika na kujirusha huku na huku kama funza. Bibi akaacha kukata. Akauvuta uzi mmoja, ukarefuka. Akauachia, ukarudi. Akaunusa, akauuma kwa jino la mbele. Kisha hasira zote zikamwisha usoni, akaanza kucheka polepole, mabega yakimtikisika.

"Mke mwenzangu, nyamaza uje uone. Hawa wenye fimbo wameficha utomvu humu ndani."

Akatuambia kwamba baba yake, enzi za ujana wake, alikuwa akiingia msituni kukamua utomvu wa mti uitwao mpira, nduguye mbungo, unaoparamia miti mingine vilevile. Aliuviringa madonge, akayabeba kichwani hadi Bagamoyo kuwauzia wafanyabiashara. "Mpira lilikuwa jina la mti," alisema, "kabla halijawa jina la mchezo." Akazibandua nyuzi zilizobaki, akaufunga kwenye upindo wa kanga moyo mdogo mweusi wa mpira uliokuwa katikati yake. "Jumamosi waite wenzako."

Tulikwenda saba. Bibi alitangulia na kisu, ndimu na chumvi. Alituonyesha jinsi ya kuchanja ganda bila kuukata mti: "Ng'ombe ukimchinja, kesho utakamua nini?" Utomvu ulitoka mweupe kama tui la kwanza. Tukajipaka mikononi, kutoka kiwiko hadi kiganja, tukapaka maji ya ndimu na chumvi juu yake, tukangoja ugande. Kisha ukabanduliwa. Ee Mola wangu! Ulitoka na kila unywele. Tulipiga mayowe mpaka tumbili wakahama, na bibi akawa anatufariji: "Tulieni, leo mnanyolewa bure." Kila ukanda uliobanduka aliuvuta akauzungushia ule moyo mdogo. Jumamosi mbili tulifanya hivyo. Mwishowe tukapata mpira mkubwa kuliko chungwa, rangi ya sukari guru, wenye harufu ya moshi na maziwa yaliyochacha.

Jumatatu jioni tulijipanga mbele ya mwalimu wa michezo. Wavulana walipouona ule mpira waliangua kicheko. Mwalimu naye akakunja uso. "Huu ndio mpira?"

Niliona wenzangu sita wananitazama, na mikono yao bado ina wekundu wa kubanduliwa. Nikasema, "Mwalimu, ulituambia uwanja ni wa mwenye mpira."

Akaupima mkononi. Akaubamiza chini. Ulipanda ukapita paa la bati la darasa la saba, ukatua, ukapanda tena. Kicheko kilikatika. Mvulana mmoja, nahodha wao, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, tubadilishane nao." Hapo sasa mwalimu ndiye aliyecheka. "Alhamisi uwanja ni wa wasichana," akatangaza. "Na asionekane mvulana ndani ya mstari."

Alhamisi hiyo walikuja mpaka kina mama. Bibi alisimama pembeni muda mrefu akitazama, kisha akajifunga kanga ya pili kiunoni, akavua ndala. "Nipisheni." Tulidhani anatania. Akaingia kati, akachuchumaa na chupa. Tukarusha kwa adabu kwanza. Akatukemea, "Rusheni kama watu mliokula!" Basi tukarusha. Aliinama, akajipinda, akaruka upande, na mchanga unaingia chupani kiganja kwa kiganja. Alipoijaza aliinyanyua juu, na vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka sokoni. Alikuja kuketi kando yangu akihema. "Magoti yatalalamika kesho," akaniambia. "Leo nimeyaambia yanyamaze."

Mpira ule haukudumu. Kiangazi kilipofika jua liliulegeza, ukanasa mchanga na manyoya ya kuku, ukawa kama kitu kilichookotwa jaani. Nilimpelekea bibi huku nalia. Aliugeuza mara moja tu, akautupa kando, akaniuliza ninalilia nini na msitu upo pale. Tukatengeneza mwingine, na kila mwaka mwingine, hadi nilipomaliza darasa la saba.

Sasa bibi amelala kaburini, Mungu amrehemu, na jirani pia. Nasikia hata mipira ya gofu ya siku hizi haina uzi ndani. Sisi saba tumebaki watano, na tukikutana harusini hatuwezi kutazamana bila kucheka. Mwaka jana nilikwenda Mkange na mjukuu wangu mdogo, tukatembea hadi mwisho wa shamba. Ng'ambo ya mpaka, pale palipokuwa na msitu, ni ufuta mtupu, safi, umepandwa kwa mistari, na matanuri mawili ya mkaa yanafuka. Mjukuu akaniambia mpira wake umepasuka, akaniuliza tutapata wapi mwingine. Nilinyoosha mkono kumwonyesha, kama nilivyoonyeshwa mimi. Mkono ukabaki hewani, na mtoto akawa anautazama, akisubiri.