Gari la Mzee Melkiori na Rangi ya Boti

Mke wangu amenikataza kusimulia mkasa huu mbele ya watu, anasema kila nikiusimulia naongeza chumvi halafu yeye ndiye anayekwenda kuchekwa sokoni, lakini leo kapanda Kalinzi kumsalimia shangazi yangu, nanyi mmekuja wenyewe mmejikalia, basi nifanyeje. Nianze kwa kukiri kabisa: siku niliyokwenda kuposa niliwaaibisha wazee wa pande zote mbili, nikaharibu pombe ya uwanja mzima, na chanzo ni neno moja dogo ambalo ningeweza kulimeza nikanyamaza.

Wakati ule nilikuwa kijana, kazi yangu kuandika majina kwenye maboti pale ufukwe wa Kibirizi (yale maandishi yenye kivuli cha njano chini ya herufi nilianza mimi, wengine wote wameiga, ulizeni). Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, maboti yanafika yamejaa watu na vyungu na magodoro, na mjini kila nyumba ina mgeni, na mgeni naye ana mgeni wake. Hapo ndipo nilipomwona Dafroza, alikuwa akija ufukweni kununua dagaa, na mimi nikawa naharibu herufi kila akipita. Baba yake, Mzee Melkiori, alikuwa Mrundi wa wimbi la mwanzo, alishakaa miaka mingi Kasingirima kwa ndugu zake Waha, na huko kwao zamani alikuwa dereva wa mkubwa fulani. Huyo mkubwa ndiye aliyempa boksi lenye gari dogo la plastiki, lile la kuunganisha mwenyewe kipande kwa kipande, lenye urefu wa kiganja na vidole vyake. Mzee alilianza, akafika nusu, vita ikaja, akavuka mpaka na boksi kichwani.

Mkewe alikuwa hachoki kumsuta. "Watu wamekimbia na unga," anasema, "huyu kakimbia na gari lisilokwenda!" Mzee anatabasamu tu. Lakini hakulimaliza, maana mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na boksi likabaki juu ya kabati miaka na miaka.

Sasa, kwa Warundi na kwetu sisi Waha, hupewi mke bila ng'ombe. Hata ukitoa fedha, hata ukitoa baiskeli, siku ya posa kitu hicho kitaitwa ng'ombe, kitasifiwa kama ng'ombe, na wazee watakipokea kama ng'ombe. Nilipotuma ujumbe nimekusanya hela za ng'ombe, Mzee Melkiori aliniita akanitazama mikono, si uso, mikono.

"Ng'ombe nitamfuga wapi, chini ya kitanda?" akasema. "Wewe ni fundi wa brashi. Nimalizie gari langu. Huyo ndiye ng'ombe wangu."

Jamani, nilitoka pale nikijiona nimeokota dhahabu. Gari la kiganja! Mimi ninayepaka boti la futi arobaini!

Nilifungua boksi kwangu Buzebazeba, furaha ikapungua. Vipande vilikuwa vimeganda kwa gundi iliyogeuka njano, mlango mmoja umekaa upande, bodi imepakwa nusu na rangi yenyewe imebabuka, na tairi moja halipo. Karatasi ya maelekezo ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa "bonjuu" kisha nakohoa, kwa hiyo nikafuata picha. Nililoweka vipande kwenye maji ya sabuni siku mbili, nikavibandua polepole kwa wembe, nikavipiga msasa laini mpaka ncha za vidole zikawa kama za mtoto mchanga. Kioo cha mbele kilikuwa kimefifia, nikakisugua kwa dawa ya meno kikafunguka. Tairi lililopotea nikalichonga kwenye soli ya ndala (ya kwangu, nikawa natembea na ndala moja yenye tundu, na sikujali). Vibandiko vya namba vilikuwa vimepukutika vyote, nikamtuma Dafroza amuulize baba yake tuandike nini, akarudi na namba ya gari alilokuwa akiliendesha huko kwao, mzee kaishika yote kichwani. Nikaiandika kwenye kibao chake cha nyuma kwa brashi ya nywele nne, nimebana pumzi. Ilitoka vizuri mpaka nikajipigia makofi peke yangu chumbani.

Halafu ikaja rangi. Dukani walikuwa na rangi ya mafuta ya maboti tu, nyekundu, nzito. Thina nilikuwa nayo, nikajaribu tone moja kwenye kipande cha plastiki kilichobaki, kikajikunja hapohapo, nikasema ala, hapana. Basi nikafanya tunavyofanya mafundi wote wa Kibirizi thina ikikosekana, nikaizimua rangi kwa mafuta ya taa. Kwenye boti haina neno, mbao hunywa, jua likipiga siku moja unaandika juu yake. Ila plastiki hainywi kitu, na hilo hakuna aliyewahi kunifundisha. Jumatano nikapaka mkono wa kwanza, ukang'aa, tamaa ikanishika, Alhamisi nikaongeza wa pili. Ijumaa jioni naligusa gari, kidole kinatoka chekundu.

Mtaniuliza kwa nini sikuahirisha posa. Mwenye kauli ya kumtoa Dafroza hakuwa Mzee Melkiori, alikuwa kaka yake mkubwa, Baba Mkubwa Tarsisi, na yeye alikuwa kambi ya wakimbizi, na kutoka kambini kulihitaji kibali. Alikuwa amekiomba kibali hicho miezi mitatu, wakampa siku tatu, Jumapili awe amerudi. Jumamosi hiyo ya posa ikipita, hakuna ajuaye angepewa kingine lini, na kulikuwa na fundi cherehani mmoja wa mtaa wa Mwanga naye alikuwa anazungukazunguka ile nyumba na kanda yake ya kupimia.

Ndipo Shangazi Tereza, aliyeshuka kutoka Kalinzi kuja kunibebea mahari, akachungulia mlangoni. "We Zabroni, limekauka hilo?"

Ningeweza kusema bado. Ningeweza hata kukohoa. Nikasema, "Limekauka, shangazi."

Basi hapo nilijichimbia shimo. Asubuhi Shangazi akalichukua gari (alilishika chini, kwenye matairi, ndiyo maana hakugundua), akaliweka kwenye kikapu cha ukindu, akalifunika kwa kitenge kipya chenye maua makubwa, akakikaza kabisa na kukifunga mafundo, maana mahari haionwi njiani, kisha akajitwika. Tukatoka Buzebazeba kwa miguu, jua la saa tano, mimi nyuma yake nanusa mafuta ya taa hatua kwa hatua. Nikamwambia nipe nikusaidie, akasema bwana harusi habebi mahari yake, unataka waseme huna ukoo? Nikajaribu kuinua pembe ya kitenge kidogo tu, akanipiga kofi la mkononi bila hata kugeuka.

Uwanja wa Mzee Melkiori ulikuwa umejaa. Katikati kuna chungu kikubwa cha pombe ya mtama, mirija mirefu imesimamishwa ndani, kwa sababu wazee wa pande mbili lazima wanyonye chungu kimoja ndipo neno liwe neno. Bila kunywa, hakuna posa. Kikapu kikawekwa kigodani, pembeni mwa chungu. Msemaji wangu alikuwa Mzee Shabani, mwenye maboti, muungwana wa Ujiji, kanzu nyeupe pe, hajawahi kugusa pombe maisha yake, akakaa upande wa mbali na mirija na kuanza kumsifu ng'ombe.

"Wenyeji wetu, ng'ombe huyu ametembea kutoka Buzebazeba hadi hapa. Hana kovu, hana kupe. Ngozi yake inang'aa mpaka nzi akitua anateleza!"

(Nzi angetua pale tungemzika palepale.) Nikaona nisiposema sasa nimekwisha, nikainama sikioni kwake nikanong'ona, mzee, omba wasimfunue leo, wamfunue kesho. Mzee Shabani akanigeukia taratibu, na ile sauti yake ya kuita maboti:

"Unaghairi, kijana?"

Uwanja mzima ukanigeukia. Pazia la mlangoni likasogea, nikaona jicho moja la Dafroza. Nanyi mnajua, mwoaji hafungui kinywa kwenye posa yake, yeye hukaa kama mzigo ulioletwa. Lakini lile jicho! Nikasimama, nikapiga kelele, "Sighairi! Nampenda!" Wanawake wakaangua kicheko, wazee wakasonya, Shangazi akanivuta suruali nikae.

Baba Mkubwa Tarsisi, mtu mrefu, mpole, koti lake limemzidi mabega, akainuka. "Ego," akasema, yaani haya, "tumwone ng'ombe." Akafungua mafundo, akashika kitenge, akavuta. Hakikuja. Akadhani kuna fundo jingine, akashika kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu za siku zake tatu zote. Kitenge kikapaa, na gari nalo likapaa, limenasa kwa paa, likaning'inia mbele ya watu wote, likabembea mara moja kulia, mara moja kushoto, kisha likajinasua.

Chubwi! Chunguni.

Povu likaruka likamwagikia Mzee Shabani kifuani. Miaka sitini ya uchaji, na pombe inamtiririka kanzuni. Juu ya chungu mafuta ya taa yakatanda yakimetameta. Ndipo Shangazi Tereza akapaza sauti.

"Zabroni! Si ulisema limekauka?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Halikuwa jambo la kucheka tena, kila mtu aliona lilivyo. Chungu kimeharibika, cha pili hakipo, mwenye kauli anaondoka kesho, na mwoaji ni mwongo, tena kaumbuliwa na shangazi yake mwenyewe. Mama yake Dafroza alishika kichwa, "Mana yanje, Mana yanje," yaani Mungu wangu. Nilimtazama Mzee Melkiori, nikaona anakunja mkono wa shati.

Akaingiza mkono chunguni mpaka kwenye kiwiko. Akapapasa. Akalitoa gari, pombe inamwagika madirishani, na juu ya paa rangi yote imechorwa maua ya kitenge. Ule mkono wake ukitetemeka, akaligeuza nyuma, akafuta kwa kidole gumba. Namba ilikuwepo. Ile niliiandika wiki moja kabla, kwa rangi isiyochanganywa, ilikuwa imekauka kweli. Mzee akaisoma kwa sauti ya chini, herufi kwa herufi, tarakimu kwa tarakimu, na kaka yake akawa anaitikia kila moja kwa kichwa. Wale waliokuja naye kutoka kambini waliinamisha macho.

Kisha akainama, akashika mrija, akanyonya funda moja. Akalishikilia mdomoni, uso umemkunjika. Akameza.

"Mafuta yapo," akasema. "Nimeendesha miaka ishirini. Gari lisilonuka mafuta si gari."

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, makofi, Baba Mkubwa Tarsisi anajipangusa machozi kwa lile koti. "Ng'ombe ameoga, ameingia zizini!" akatangaza, naye akanyonya, akakohoa, akanyonya tena. Upande wetu Mzee Shabani hanywi, kwa hiyo mrija ukaletwa kwangu, mwoaji mwenyewe, jambo lisilofanyika popote. "Kunywa ulichopika, mkwe," Mzee Melkiori akaniambia. Nilikunywa. Siku tatu nilikuwa naogopa kukaa karibu na jiko. Kanzu ya Mzee Shabani niliifua mwenyewe mara nne, na mpaka anastaafu alikuwa ananiita Dereva.

Dafroza nilipewa. Baba Mkubwa alirudi kambini Jumapili, kibali hakijapita hata saa moja. Gari nililiomba nilipake upya, mzee akakataa katakata, alisema hakuna mwingine duniani mwenye gari la maua, akaliweka dirishani linakopita jua.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo huwa simwachi mke wangu asikie. Miezi kadhaa baada ya harusi nilikuwa nimekaa na mzee, wawili tu, tunamenya karanga, nikajikaza nikamuuliza: baba, lau ningekuja ile Ijumaa nikakuambia rangi ni mbichi, ungefanyaje? Nilidhani atanicheka. Hakufikiri hata kidogo.

"Ningekuambia ulilete hivyohivyo," akasema. "Ningekaa nalo juani mimi mwenyewe, nifukuze nzi. Tarsisi angelisifia mbichi. Mimi nimelingoja miaka yote hii, ningeshindwa kulitazama likikauka?"

Akaendelea na karanga zake. Mimi nilikosa pa kuweka uso. Ile aibu ya chunguni nimeshaizoea, naicheka pamoja nanyi, lakini hii ya karanga bado inanichoma, kwamba nilimwogopa mzee aliyekuwa upande wangu tangu siku aliyonitazama mikono, nikamnyima nafasi ya kukaa na gari lake likikauka. Niliapa palepale: mzee yeyote akiniuliza jambo, hata kama jibu litanivua nguo hadharani, nitampa lilivyo, likiwa bado bichi.