Siku Saba za Dada Yangu Mtoni Ruvu

Somo lile nililiandaa kwa wiki mbili. Wakati huo nilikuwa nafundisha darasa la watu wazima kanisani kwetu Kisarawe, kila Jumapili baada ya ibada, na safari hiyo nilitaka tuzungumzie maji ya nchi za Maandiko: mito, visima, maziwa na mabirika, na jinsi watu wa siku zile walivyoyatumia. Nilikuwa nimechoka kusikia watu wakiyataja maji hayo kama dawa. Aliyekwenda kuhiji alirudi na vichupa vya maji ya Yordani, na vichupa vyenyewe viligombaniwa.

Basi nikawaeleza maisha ya kawaida. Wanawake wakienda kisimani jua likishapoa, mitungi begani, wakipashana habari za ndoa na misiba. Wachungaji wakivutana juu ya zamu ya kunywesha mifugo. Mabirika yaliyochongwa kwenye mwamba na kupakwa chokaa ili yakinge mvua, na jinsi maji yake yalivyoota ukungu kiangazi kikiwa kirefu. Madobi wakikanyaga nguo kwa miguu nje ya ukuta wa mji. Mgeni akifika mlangoni, anapewa maji ya kunawa miguu kabla ya kitu kingine chochote. Nikafika kwa yule jemadari wa Shamu mwenye ukoma, aliyetumwa kujichovya Yordani mara saba akakasirika, kwa sababu kwao kulikuwa na mito mizuri zaidi.

"Alikuwa na haki ya kushangaa," nikasema. "Yordani ulikuwa mto wa tope tu, kama Ruvu wetu."

Watu wakacheka. Dada yangu, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, hakucheka.

Dada ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na mmoja. Baada ya wazazi wetu kufariki kule Singida, yeye ndiye aliyenisomesha. Sasa ni mjane na anaishi Soga, ana shamba dogo la mihogo, na mara mojamoja alikuwa anapanda treni mpaka Pugu ili aje kusali nasi. Ana kisukari cha muda mrefu. Siku ile mguu wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kitambaa, na nilipomuuliza alisema amechomwa na mwiba shambani, na kwamba kliniki wanamsafisha.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani akaniuliza, "Kwa hiyo Yordani haukuwa na maji ya peke yake?"

"Hapana, dada. Maji ya kawaida. Ng'ombe walikunywa humohumo."

"Kama Ruvu."

"Kama Ruvu."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilifurahi kweli, nikajua angalau mtu mmoja amenielewa.

Wiki mbili baadaye jirani yake alinipigia simu. Ni mama wa makamo, Mwislamu, mwenyeji wa Soga, ambaye dada anamwachia ufunguo akisafiri.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe naingilia ya kwenu. Dada yako haendi tena kliniki. Leo siku ya tano anapanda bodaboda asubuhi anakwenda mtoni. Mguu unanuka. Nimemwambia mimi, ananiambia niwaachie wenyewe dini yao."

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikapanda treni ya kwanza. Nilipofika nyumbani kwake alikuwa ameshatoka. Jirani akaniitia dereva wa bodaboda aliyezoea kumpeleka dada mtoni.

Nilimkuta ameketi ukingoni, kwenye jiwe, gauni amelikunja hadi magotini. Pembeni yake kinamama walikuwa wanafua, na juu kidogo mtu alikuwa anaosha pikipiki. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa anauzamisha mguu, anauinua, anahesabu kwa midomo. Hakushtuka kuniona. Nilimsubiri amalize mara saba, kisha nikachuchumaa nikautazama mguu. Vidole viwili vilikuwa vimebadilika rangi, na kidonda kilikuwa kimefika kwenye unyayo. Haukuwa mwiba.

"Dada, huu mguu unaoza."

"Leo siku ya sita. Bado kesho."

"Yule jemadari alitumwa na nabii. Wewe umetumwa na nani?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jina lake na ndugu yake.

"Si wewe?"

Nikamwambia hakunielewa, kwamba nilitaka kuonyesha maji hayana uwezo wowote. Akasema hata yeye anajua maji hayana uwezo, ndiyo maana Ruvu unatosha. Anayeponya si maji. Nikamwomba twende hospitali Kibaha mchana uleule. Akasema, bila kukasirika, "Niachie kesho tu. Nikiacha leo, nitabaki najiuliza mpaka nife kama ni mimi niliyekosa imani."

Nikamwachia. Nimejieleza mara nyingi kwamba ilikuwa heshima kwa mkubwa wangu. Ukweli ni kwamba niliogopa kutamka kwa kinywa changu kuwa hatapona pale. Na sehemu fulani ya moyo wangu, ambayo sikuwahi kuionyesha darasani, ilitaka kuona.

Siku ya saba nilimshika mkono mwenyewe akiingia majini. Alihesabu kwa sauti. Alipomaliza aliutazama mguu, akalishusha gauni, akasema, "Haya, twende."

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliuliza kwa nini tumechelewa. Nilisema tunakaa mbali. Waliukata mguu chini ya goti siku mbili baadaye. Nilimfuata daktari koridoni nikamuuliza kama siku moja ingebadilisha kitu. "Siku moja siwezi kukuambia," alisema. "Wiki mbili, ndiyo."

Nikamleta dada Kisarawe. Namsaidia kuoga kwa beseni na kikombe, na alijifunza magongo upesi kuliko nilivyotarajia. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye niliyekuwa silali vizuri. Baada ya miezi mitatu nikaona lazima niseme. Nikasimama mbele ya darasa nikasimulia yote: somo langu, mto, siku ya sita, siku ya saba, na uongo niliomwambia daktari. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akaniuliza mgonjwa afanye nini basi. Nikasema aende hospitali, na aombe.

"Hilo ulipaswa kulisema siku ile," akasema.

Nilikubali. Nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi kidogo, nikamkuta dada anachambua mchele barazani. Nikamwambia nimewasimulia watu, nimekiri.

Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani.

"Umewaambia na habari za mguu wangu kunuka?"

"Nimesema kila kitu, dada."

"Hukuniuliza."

Nikakaa karibu naye nikavuta ungo ili nimsaidie. Akauvuta ungo upande wake, bila nguvu, akaendelea kutoa mawe peke yake. Tangu siku hiyo hajakanyaga kanisani kwetu. Jumapili anasali chumbani, mlango ameufunga, nami nakwenda peke yangu, nakaa benchi la nyuma.