Mguu Mzito Kwenye Mtumbwi wa Ndizi

Siku ile ninaikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya ndizi zilizoivia shimoni. Kijiji chetu cha Kamachumu kilikuwa kimechoka kuzika. Ugonjwa ule ulimchukua baba, kisha mama, na mimi nilitaka kitu kimoja tu: nafasi ya kwenda Italia kusomea uuguzi, nirudi niwahudumie wagonjwa wetu. Sista mmoja Mwitaliano ndiye aliyechagua wa kwenda, na usaili ulikuwa Jumatatu.

Vitenzi vya Kiitaliano vilinitesa. "Parliamo", yaani tunaongea, niliweza. Lakini kwenye "parlano", wanaongea, ulimi wangu ulikaza silabi ya pili kutoka mwisho, kama tulivyozoea katika Kiswahili. Kumbe wenyewe hukaza ya kwanza: PAR-la-no. Nilikuwa nanung'unika hivyo huku nakanyaga ndizi za rubisi, pombe yetu, pamoja na babu, ndani ya mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo.

Babu hakujua Kiitaliano, ila hakutaka mtu aliyenuna ndani ya mtumbwi wake. Akaniambia kinachonisumbua nikiimbe, tukikanyagie. Tukakikanyagia: mguu mzito, mwepesi, mwepesi. PAR-la-no. Babu, mzee wa watu, akaitikia kwa sauti nene mpaka majirani wakaja kuuliza tunasherehekea nini, wakabaki kucheka nasi. Uani kwetu kicheko hakikuwa kimesikika tangu msiba wa mama. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Jumatatu, mbele ya Sista, kitenzi kikanipotea kabisa. Basi nikainuka kitini nikakanyaga sakafu: mzito, mwepesi, mwepesi. Parlano. Sista akanitazama miguu, nami nikajua nimejiharibia. Kisha akavua viatu.

"Kwa baba yangu tunakanyaga zabibu," alisema. "Sasa tukanyage 'wanakula'."

MAN-gia-no, tukakanyaga wote wawili. Kwetu mwanamke hakanyagi rubisi, lakini hilo sikumwambia. Nafasi nikaipata.

Kwa hiyo, mwanangu, ukikutana na somo gumu la ugenini, usiiache miguu yako nyumbani. Lipokee kwa kitu cha kwenu, na usione haya kucheka hata kama nyumba imefiwa, maana waliotutoka hawakutuachia nyumba ili tuinunie.

Mungu alinijalia kurudi na kumkuta babu uani. Kabla hata sijamwamkia, akainua mguu. Nawe akujalie hivyo: uende, ujue, urudi, na umkute mtu wako bado anakungoja mtumbwini.