Msimamizi wa Walinzi Anayekagua Daftari la Binti Yake

Saa tisa alasiri, mtaa wa Muaither, pembezoni mwa Doha, Qatar. Joram Nyakundi ameingia nyumbani sasa hivi na hajavua hata viatu vya kazi. Amesimama dirishani, ameinua daftari la mtoto hadi usawa wa macho na kuliinamisha kidogo, mwanga uteleze juu ya wino.

"Hii ya Jumatatu ni ya Jumatatu kweli," anasema. Anafunua ukurasa. "Jumanne mkono ulikuwa umechoka. Sawa."

Mezani, binti yake Tiffany, mwenye umri wa miaka tisa, ameegemeza shavu kwenye kiganja. "Dadi, umemaliza kunikagua?"

"Bado."

Joram, mwenye miaka 41, ni msimamizi wa walinzi katika jengo moja la ofisi hapa Doha. Sehemu kubwa ya kazi yake ni kusoma vitabu vya matukio, ambamo mlinzi huandika alichokiona kila saa ya doria. Kwa miaka saba amejifunza kumtambua mlinzi aliyelala zamu nzima, kisha akajaza saa zote kwa mkupuo mmoja.

"Mwandiko wake haubadiliki," anaeleza. "Mtu aliyetembea kweli, ikifika saa ya nane ya zamu herufi zinalegea. Ukiniletea kitabu kisafi, hapo ndipo naanza kukuuliza maswali."

Jicho hilo ndilo alilolileta kwenye masomo ya mtoto wake. Tangu Januari Tiffany anasomea nyumbani, Gredi ya Nne ya mtaala wa Kenya, kwa sababu karo ya mwaka ya shule iliyo karibu ingemeza mishahara ya baba yake ya miezi saba.

Alipotafuta mpango wa masomo wa mwaka mzima, muuzaji asiyemjua alimtumia mmoja kwenye simu, umepambwa kwa picha za watoto wanaotabasamu. "Nikamuuliza, hawa wanacheka nini? Wamejifunza nini hasa? Akanifungia nisimpate tena."

Akachora wake mwenyewe. Uko ukutani: wiki thelathini na sita, zimepangwa kama ratiba ya zamu. Hesabu na Kiswahili ni asubuhi, Sayansi ni baada ya chakula, Ijumaa, siku ya mapumziko hapa, ni ya kanisa kule Mesaimeer. Vitabu vililetwa na Gerishon, mmoja wa walinzi wake, akirudi kutoka likizo.

"Bosi, wengine wananiagiza unga wa wimbi," Gerishon anakumbuka akicheka. "Wewe unanibebesha kilo kumi na moja za hesabu! Afisa uwanja wa ndege akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nikasema ndiyo, bora nipite."

Mkewe, Nyaboke, ni muuguzi wa zamu za usiku. Asubuhi hulala chumba cha pili huku mtoto akijisomea mezani hadi baba arudi. Alikubali mpango huu kwa sharti.

"Nilimwambia, Baba Tiffany, tujaribu. Lakini mtoto akibaki nyuma ya wenzake, anapanda ndege, anaenda kukaa na dada yangu kule Nyamira, Kenya," anasema. "Siwezi kumshikilia hapa bila kujua kitu, eti kwa sababu nampenda."

Kwa hiyo Joram akaweka ulinzi. Tiffany alitakiwa kuandika kila saa alichosoma. Kwa wiki tano daftari lilikuwa safi: Nimesoma. Nimeelewa. Hakuna tatizo.

Joram, ambaye hamwamini hata muuza nyanya anayepima mbele ya macho yake, aliamini.

Wiki ya sita alikuwa anakunywa chai, daftari likiwa wazi mbele yake na jua likipiga ukurasa. Siku zote tano zilikuwa na wino wa uzito mmoja na herufi zilizolalia upande mmoja.

"Uliandika lini haya?" akauliza.

"Kila siku."

"Tiffany."

"Alhamisi."

"Yote?"

"Yote."

"Nani alikufundisha?"

Mtoto akamnyooshea kidevu. "Wewe. Ulikaa hapa hapa na kitabu cha kazi, unakula ndizi. Ukaandika saa nne, saa tano, saa sita, zote mara moja. Nikajua ndivyo inavyofanywa."

Sauti ya Nyaboke ikatoka chumbani: "Leo umeshikwa, bwana!"

Joram hakani. Siku hiyo alikuwa na homa, akakaa kibandani badala ya kuzunguka malindo, kisha akajazia kitabu nyumbani. "Nimewaandikia ripoti walinzi wawili kwa kosa hilo hilo, wakarudishwa kwao," anasema polepole. "Mmoja alikuwa na watoto watatu." Kesho yake baada ya kushikwa na bintiye, alimweleza mkubwa wake. Alipewa onyo la maandishi.

Ijumaa iliyofuata walimpeleka Tiffany kwa Millicent, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi Doha na mwanawe, na ambaye husali nao Mesaimeer. Baada ya ibada alimpima mtoto kwa nusu saa. Kusoma alipita vizuri. Kwenye sehemu, yaani nusu, robo na thuluthi, aliacha karatasi tupu.

"Si mvivu huyu," Millicent aliwaambia wazazi, akifunua daftari walilomletea. "Ameandika uongo kwa mwandiko mzuri sana. Amejifunza kukaguliwa tu. Hesabu hajajifunza."

Alikubali kumpima tena mwisho wa wiki ya kumi na nne. Matokeo hayo ndiyo yatakayoamua safari ya Nyamira. Hii ni wiki ya kumi na mbili.

Mpango umebadilika. Neno "nimeelewa" limepigwa marufuku. Kila saa Tiffany huandika kilichomshinda, na alasiri baba huanzia hapo, mara nyingi kwa chapati iliyokatwa vipande. Ukurasa usio na tatizo haupokelewi. Chini ya kila siku kuna mstari wa Joram naye, wa kuandika alichokosea yeye. Tiffany ndiye anayetia saini.

Leo Tiffany ameandika hivi: Saa nne, sijaelewa kwa nini nusu ya robo ni ndogo kuliko robo. Saa tano, nililala.

"Hii naiamini," anasema Joram.

Nyaboke bado. Sanduku la mtoto liko juu ya kabati, na limefutwa vumbi. Joram analitazama, kisha anamtazama mkewe.

"Usiniangalie hivyo," Nyaboke anamwambia. "Nitaamini siku ya mtihani. Miandiko ya watu wa nyumba hii nimeshaiona."

Kwenye mpango ulio ukutani, wiki kumi na nne za kwanza ziko kwa wino. Kuanzia ya kumi na tano hadi ya thelathini na sita ziko kwa penseli. Joram anasema kalamu ya kuzipitishia wino ameshaiweka mfukoni. "Ijumaa ya mtihani tukitoka Mesaimeer, nataka nianze kabla sijavua viatu. Na Desemba nichore mpango wa Gredi ya Tano, Tiffany mwenyewe akiwa ameketi pale pale."

Tiffany amelichukua daftari. Sasa ni yeye aliye dirishani, analiinamisha.

"Dadi, mstari wako wa leo uko wazi."

"Leo sijakosea."

"Ukurasa usio na tatizo haupokelewi."

Joram anakuna kichwa. Anavuta kiti, anaketi, na kuandika polepole: Leo nimemkagua mtoto kabla sijamsalimu.

Tiffany anasoma mara mbili, kisha anatia saini.