Kijiti cha Senetwet

Kila mgeni anayekuja kwangu Eldoret siku hizi anataka nimpeleke pale kwenye kijito. Eti kuna njia nzuri ya kutembea kandokando ya maji, kuna ndege, kuna vibao vyenye majina ya miti. Mimi siendi. Nikifika tu kwenye lile geti damu inanipanda, na daktari ameshanikataza mambo ya kupandwa na damu. Basi wacha niseme sababu mara moja, halafu mniache.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa, nakaa na mama yangu na mdogo wangu wa kike huko Kiplombe. Baba alikuwa ameshatuacha. Kijito kilipita chini ya shamba letu, na pale maji yanapopinda palikuwa na senetwet. Asiyejua ataona kichaka tu. Ni mti mdogo wa maua ya njano, na ukifikicha majani yake utakunja pua. Nyanya yangu ndiye aliyeupanda hapo, na baada yake mama akawa anaupogoa kila mwaka, maana kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, cha nyumba yetu hakikujua mti mwingine.

Nyinyi mnaonunua mursik ya chupa dukani hamjui kazi hii. Mama alikuwa anachukua kijiti kikavu cha senetwet, anakichoma jikoni kwake mpaka ncha inakuwa kaa jekundu, kisha anakiingiza kwenye kibuyu na kuisaga ile ncha ndani, huku na huku, mpaka kibuyu chote kinakuwa cheusi tumboni. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanamiminwa humo, kibuyu kinafunikwa, kinaachwa wiki nzima. Yakitoka yana rangi ya majivu, machachu, mazito. Wageni wa heshima hawakupewa kitu kingine.

Sasa, mimi nilikuwa nimempata mwalimu mwenzangu, kijana aliyetoka upande wa ziwa. Mama hakumtaka. Alisema nitapelekwa mbali nikafundishwa kutoa miiba ya samaki nikiwa mtu mzima. Lakini mvua moja kubwa ng'ombe wetu alizama kwenye tope, na yule kijana, aliyekuwa amevaa suruali yake ya kanisani, akaingia mpaka kiunoni akamtoa. Mama hakusema asante. Baada ya siku mbili, tukiwa tunachambua maharagwe, akaniambia, "Waambie watu wake waje Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Watakunywa maziwa ya nyumba hii."

Nililia, aki. Kwa mama hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo. Wajomba wangeweza kuongea mpaka midomo ikauke, lakini kama kibuyu hakijatoka hakuna msichana aliyetolewa. Binamu yangu mmoja wageni wake walipewa chai na mkate wa siagi, wakajiona wamekaribishwa vizuri sana, wakaenda kwao kungojea jibu. Hawakuletewa jibu lolote.

Shida ni kwamba mwaka huo huo ukingo wa kijito ulikuwa umechukuliwa. Walikuja watu wa kupima, wakaweka vigingi, halafu waya, halafu geti. Kwenye baraza la chifu tukaambiwa kwamba pale sasa ni hifadhi, ni mali ya taifa, na watu watakuja kutembea humo na kuburudika. Tulipiga makofi. Miaka ile ukiambiwa kitu kwenye baraza unapiga makofi kwanza, kuelewa utaelewa ukifika nyumbani. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoelewa kwamba senetwet ya nyanya imebaki ndani ya waya, nasi tumebaki nje. Jumapili matajiri wa Elgon View walikuja na magari yao wakatembea humo na kofia zao, wakirushia mbwa vijiti.

Wiki mbili kabla ya wageni wangu kufika, siku ya Jumanne, mama alichukua panga akapita chini ya waya kwenda kukata kijiti kimoja. Kimoja tu. Mlinzi akamkamata. Na huyo mlinzi si mtu wa kutoka mbali, msije mkadhani. Mama yake alikuwa anaketi benchi moja na mama yangu kanisani. Amenyweshwa mursik tangu hajaota meno. Alijua kabisa kile kijiti ni cha nini, na bado akamtembeza mama barabarani mpaka kwa chifu, yeye nyuma na panga, mama mbele.

Nilipata habari nikiwa darasani. Nilipofika nilimkuta mama kwenye benchi la nje, ameketi hapo tangu asubuhi, hajapewa hata maji. Ndani, kile kijiti kilikuwa kimelazwa mezani chini ya picha ya mkubwa wa nchi, kana kwamba kimeua mtu. Chifu aliongea nami kwa upole. Alisema Ijumaa kuna mgeni mkubwa anayekuja kufungua hifadhi, na haipendezi mama wa mwalimu kuonekana anapinga maendeleo. Nimshauri mama yangu. Na mimi, mwanamke mzima mwenye cheti cha ualimu, nikasema, "Asante, Mzee."

Asante! Neno hilo bado linaniwasha. Mama alirudishiwa panga saa kumi. Kijiti kilibaki mezani.

Nyumbani tuligombana. Nilimwambia atumie kaa la muwati, miwati imejaa kila mahali. Akaniuliza, "Muwati ni wa kulainisha ngozi. Wewe ni ngozi?" Nikamwambia nitamtuma mtu Kaptagat aniletee senetwet ya huko, msituni haikosi. Akasema ya Kaptagat ni ya nyumba za Kaptagat. Hapo hasira ilinishinda, nikasema maneno ambayo sikupaswa kuyasema, kwamba hakunitakia ndoa hii tangu mwanzo na sasa amepata kisingizio. Aliinuka, akakitoa kibuyu rafuni alipokuwa amekiandaa, akakirudisha kwenye msumari wake ukutani. Nikajua wageni wangu watakunywa chai.

Ijumaa, shule ipi ilichaguliwa kwenda kumwimbia mgeni mkubwa? Yetu. Darasa lipi? La saba, darasa langu. Hedimasta alisimama mbele yetu akakagua sweta moja moja, na mimi akanikagua kwa macho. Watoto walipewa maziwa ya shule, yale ya pakiti za pembe tatu, na tukashuka kwa miguu tukiimba. Mawe ya njia yote yalikuwa yamepakwa chokaa. Mgeni alichelewa kwa saa nne, jua linatuchoma utosini. Alipokuja alikata utepe, akainua kidole kimoja, salamu ya chama, nasi tukainua vyetu, akatembea hatua kama hamsini, akarudi kwenye gari lake. Nasikia hakuufikia hata mto.

Baada ya hapo afisa wa hifadhi akawachukua watoto kuwatembeza. Alikuwa mtu wa maneno mengi, viatu vyake vinang'aa. Hapa ni hiki, pale ni kile. Nilitembea nyuma, najiambia nisitazame upande wa kona. Lakini tulipofika kwenye kona sikuwa na cha kutotazama. Palikuwa peupe. Senetwet yote ilikuwa imeng'olewa, mashina na mizizi, na kurundikwa kando, na lile rundo lilikuwa linafuka moshi. Mahali pake walikuwa wamepanga miche ya mikaratusi kwa mistari, kila mmoja na kibao chake. Mtu yeyote wa shamba anajua mkaratusi unavyokunywa maji. Kuupanda ukingoni mwa kijito na kuita hiyo hifadhi, sijui walisomea wapi.

Afisa akasema, "Hapa palikuwa na magugu tu. Tumeyaondoa ili mgeni aone mto."

Jumanne walimshika mama yangu kwa kukata tawi moja. Ijumaa walikuwa wamechoma kichaka kizima cha mama yake.

Msichana mmoja wa darasa langu, mtoto mkimya ambaye hata kuomba ruhusa alikuwa anaomba kwa macho, akainua mkono. Akasema hayo si magugu, ni senetwet, kwao wanaitumia kwa kibuyu. Afisa akacheka. Watoto wengine, kwa sababu afisa amecheka, wakacheka pia. Yule msichana akateremsha mkono wake polepole, kisha akageuka kunitazama mimi, mwalimu wake, akingoja niseme kama amekosea.

Ningeweza kumeza tena. Nilikuwa nimemeza kwa chifu na kwa hedimasta, koo lilikuwa limezoea. Lakini huyo mtoto alikuwa ananitazama.

"Amesema kweli," nikasema. Kisha nikatoka kwenye mstari na viatu vyangu vya kuazima, nikaenda kwenye rundo, nikaanza kuvuta matawi. Moshi ulinijaa machoni, na kidole hiki hapa kina alama mpaka leo. Yule mlinzi alikuja mbio.

"Mwalimu, hakuna ruhusa ya kutoa mti ndani ya hifadhi."

"Mti gani? Haya ni magugu. Muulize bosi wako."

Akamtazama afisa. Afisa alitazama maji, kwa sababu watoto zaidi ya arobaini walikuwa wamemsikia akisema. Mlinzi akanisogelea, akainama kama anayesaidia, na akaniambia kwa sauti ya chini kwa lugha yetu, "Chukua ule wa chini. Haujaungua sana, na umekauka vizuri."

Na ulikuwa mzuri kweli. Hapo ndipo nilipomchukia. Afisa hakujua kitu, Mungu amsamehe ujinga wake. Lakini huyu alijua hata kuchagua! Alisimama hapo asubuhi yote wakiung'oa, akijua ni mti gani na ni wa nani, na hakufungua mdomo. Niliuchukua bila kumwambia asante, maana asante yangu ilishaisha kwa chifu.

Muhula uliofuata nilihamishiwa shule ya mbali kabisa. Hedimasta alisema ni mabadiliko ya kawaida.

Jioni ile ya Ijumaa nilimwekea mama kile kijiti mapajani. Alikinusa, akakigeuza. Aliniuliza moto huo uliwashwa na nani. Nikamwambia wao. Akachukua lile panga, akakata sehemu yote iliyoungua na kwenda kuitupa nje ya ua wetu. Kilichobaki kilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Akakiingiza kwenye moto wake yeye, kisha akaniambia nikitoe kibuyu ukutani.

Jumamosi ya wageni, mama aliwamiminia maziwa kwa mkono wake. Mjomba wa mchumba wangu, mzee aliyekuwa hajawahi kuonja kitu kama hicho, alipiga funda la kwanza macho yakamtoka. Akamaliza kikombe chote, akaomba kingine, kwa adabu tu, najua. Mama alicheka kwa mara ya kwanza mwezi huo. Nilitolewa nikiwa nimesimama mlangoni, kidole kimefungwa kitambaa.

Kijiti kilikuwa kimeisha chote kwenye kibuyu kile. Mikaratusi ilikua haraka sana, na kijito sasa, miezi ya kiangazi, unakivuka bila kuvua viatu. Mdogo wangu alipopata wake, miaka sita baadaye, mama aliwapokea wageni kwa chai na mkate wa siagi. Wajomba ndio waliosema ndiyo, na harusi ikafanyika, na watu wakala wakashiba.

Mama ameshazikwa. Mdogo wangu ana wajukuu, na hata Krismasi iliyopita, tukiosha vyombo, alinirudishia tena yale yale, kwamba mama hakuwahi kumkubali mume wake. Nimemwambia mara ngapi. Mama alimkubali. Mama hakuwa na kijiti.