Kaka Paa na Washindani Wenye Pembe

Kaka yangu ni fundi wa kuezeka, na kwa miaka ishirini na mbili watu wamemwita Paa. Hata mkewe humwita Paa. Enzi hizo ukimtaka ulikuwa unainua kichwa: yuko juu, misumari mdomoni, anamfokea mtu aliye chini. Mwaka jana akateleza kwenye bati lenye umande, akaanguka, akavunjika pingili ya mgongo. Daktari akamwambia ngazi aisahau. Aisahau vipi, wakati ameiegemeza ukutani, mkabala na kiti anachokalia kutwa nzima?

Mafundi wake wawili hawakumkimbia. Wako tayari kupanda kwa niaba yake. Kazi ndiyo haikuonekana, maana zamani aliifuata kwa miguu, mtaa kwa mtaa. Mimi mdogo wake nachapa barua kwenye duka la fotokopi, kompyuta siiogopi, kwa hiyo nikamtengenezea tovuti. Tukakwama kwenye jina.

"Andika Paa," akasema.

"Kaka, tuandike fundi bati. Ndivyo watu wanavyosema."

"Fundi bati ni kila mtu. Paa ni mimi."

Basi nikaandika Paa juu, Paa katikati, Paa chini. Paa imara. Paa la kisasa. Mpigie Paa. Miezi miwili ikapita na simu ikalia mara moja tu: mwanamume alitaka kujua kama paa tunaowafuga ni madume au majike. Maneno aliyojibiwa na kaka siwezi kuyaandika hapa.

Kisha kaka akatangaza kwamba kazi isipopatikana hadi mwisho wa mwezi, atapanda mwenyewe. Jirani ana mabati mawili ya kubadilisha. "Mawili tu, nitakwenda taratibu," akasema, na huku kuinuka tu kitini anashikilia meza. Wifi yangu akanifuata dukani analia. Mimi sikulia, nilipandwa na hasira.

Dukani tuna wakala wa akili mnemba, programu unayoituma kwa maneno ya kawaida, nayo inakwenda kufanya kazi yenyewe. Ilikuwa imeongezewa kifaa cha kutafuta washindani: unaipa anwani ya tovuti yako, nayo inakuletea tovuti nyingine zinazotokea watu wanapotafuta maneno yale yale. Nikaipa ya kaka, nikasubiri na chai yangu.

"Nimefanikiwa kupata washindani wako wakuu kumi," ikaandika, kwa adabu zote.

Wa kwanza, hifadhi ya wanyama. Wa pili, hifadhi ya wanyama. Wa tatu, shamba la swala. Nikaandika kwamba kaka yangu hana pembe, anaezeka nyumba za watu. Ikaomba radhi, ikarudi na kumi wengine, na safari hii wa tano alikuwa mtu anayefundisha roho za watu kupaa. Nikaigombeza kwa sauti mpaka mteja aliyekuja kutoa kopi ya cheti akaniuliza nazungumza na nani. Ikaomba radhi tena. Laiti ingenijibu kwa ukali hata mara moja, ningepumua.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kosa halikuwa lake. Ilisoma tulichoandika. Mtu anayenyeshewa kitandani haandiki paa, anaandika bati linavuja. Nikaiambia itafute kwa maneno hayo, na orodha ikaja ya mafundi wa kweli. Juu kabisa alikuwa Mapengo, mshirika wa kaka kabla hawajakosana. Nikafungua ukurasa wake, nikauchapa kwa rangi, nikaupeleka kwa kaka bila kuaga mtu.

Picha kubwa ilikuwa ya mtu aliyechuchumaa juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba mabati, katugeuzia mgongo, shati jekundu lenye kiraka begani. Kiraka kile nilikishona mimi.

"Mwizi huyu!" nikasema. "Kile kidude cha dukani kimemkuta juu kabisa, anatafuta wateja kwa picha yako. Mpigie sasa hivi."

Kaka akaisogeza karatasi karibu na macho.

"Mgongo ulikuwa mzima hapa," akasema.

Nilitaka afoke. Nilikuja nimejiandaa kumsaidia kufoka. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaiweka chini ya kikombe.

"Hicho kidude chako kinataka niitweje?"

"Fundi bati."

"Kama kila mtu."

"Kama kila mtu, kaka."

"Haya. Andika."

Nikalifuta Paa mahali kumi na tisa. Nikaandika juu kabisa: Bati linavuja? Piga simu. Siku zikahesabika, jirani akapita mara mbili kuulizia mabati yake, mimi nikawa silali vizuri. Siku tatu kabla ya mwisho wa mwezi, nikiwa pale sebuleni kwao, simu ikalia. Alikuwa mama mmoja, maji yanaingia jikoni kwake. Kaka akamuuliza nyumba iko wapi, mabati ya aina gani, kenchi zimeoza au bado. Ile sauti yake ya kule juu ya bati ikamrudia.

"Usihangaike, mama. Kesho asubuhi napan..."

Wifi yangu akasimama mlangoni na sufuria mkononi. Kaka alikuwa anaitazama ngazi.

"Kesho asubuhi wanapanda mafundi wangu," akasema. "Mimi utanikuta chini."