Magadi Kwenye Mapichesi

Simu ilinikuta napiga pasi shati. Alikuwa mtoto wa jirani yangu wa zamani, yule kijana anayefanya kazi Dodoma. Alinisalimia kwa adabu kupita kawaida yake, nikajua. Alisema mama alifariki alfajiri, na kwamba watamzika hukohuko baada ya sala ya adhuhuri, nisihangaike na safari maana nisingewahi. Nilimwambia Mungu amlaze mahali pema, nikakata simu. Shati lilikuwa limeungua kola. Nimekaa na habari hiyo zaidi ya mwezi mzima bila kuiandika hapa, na wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua mie si mtu wa kukaa na jambo. Hili nililikwepa kwa sababu nina hatia ndani yake, na kuandika kumbukumbu ya mtu huku unajificha nyuma ya sifa zake ni uhuni.

Marehemu aliishi Temeke, nyumba iliyoshikana ukuta na yangu. Mumewe, aliyemtangulia, alikuwa mchonga vinyago pale Mwenge, mtu wa kwetu Kusini, ndiyo maana mkewe aliniita shemeji hadi mwisho. Ujanani alikuwa mpishi kwenye nyumba za wageni kule Msasani, na huko alijifunza kitu ambacho mtaani kwetu hakuna aliyekuwa amekiona. Wazungu wenyewe wanakiita kobla, matunda yanayookwa na unga juu yake. Yeye alikiita "ya mapichesi," basi, kama vile mtu anavyosema "ya nazi." Kila msimu mapichesi ya Lushoto yakiingia sokoni, alikuwa anayachagua moja moja, anayabonyeza kwa kidole gumba, anayanusa kwenye kikonyo, hadi wauzaji wanakasirika.

Niliwahi kukaa kwenye kigoda nikamtazama mwanzo hadi mwisho. Aliyachovya matunda kwenye maji ya moto, ganda likabanduka lenyewe. Akayakata vipande, akatia sukari, mdalasini na hiliki kidogo, akayainjika mpaka yakatoa mchuzi wake. Unga aliufikicha na siagi ya baridi kwa ncha za vidole, hataki joto la kiganja liguse, mpaka ukawa kama chenga za muhogo, kisha akaushika kwa maziwa mgando. Hausukumwi ule. Unachotwa kwa mkono na kudondoshwa mabonge mabonge juu ya matunda. Trei inaingia ndani ya sufuria kubwa lenye mchanga wa moto, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Hakuwa na saa wala kipimo cha joto. Alikuwa ananyoosha mkono juu ya makaa, anahesabu kimoyomoyo, akishindwa kuvumilia anajua moto umefika. Kitu kilikuwa kinatoka humo kimeiva rangi ya dhahabu, pembeni mchuzi unachemka, na watu wazima tulikuwa tunagombania ukoko wa pembeni kama watoto.

Sasa, mwanamke huyu alikuwa anafunga kila Jumatatu na Alhamisi, mwaka mzima, masika na kiangazi. Shehe wa msikiti wetu alishamwambia kwamba mpishi akiwa na haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Hakutaka. Alisema ulimi ukishaonja, moyo unaufuata. Basi siku hizo mbili, akipika, alikuwa ananiita mie Mkristo nisiye na funga nimuonjee. Niliiona ni kazi ya raha. Anagonga ukuta, nakwenda, napewa kijiko, nasema tamu, narudi kwangu. Sikumbuki siku hata moja niliyosema vinginevyo, na kwa miaka mingi sikuwa na sababu, kwani mkono wake ulikuwa haukosei.

Mwaka wake wa mwisho hapa Temeke, magoti yalianza kumsumbua. Kijana wake akawa anamshikilia: mama, inatosha kuchomwa na makaa, uje Dodoma upumzike. Yeye hakutaka kusikia. Nyumba ile aliijenga na mumewe, majirani ndio ndugu zake, na kazi ile, alivyoniambia, ndiyo iliyokuwa inamwamsha asubuhi. Wakabishana miezi. Mwishowe wakakubaliana hivi: akipata mteja mmoja wa kudumu, wa kumwezesha kuajiri mtu wa kumsaidia, atabaki. Asipopata kabla mapichesi hayajaisha sokoni, atahama. Mtaa mzima tulijua sharti hilo.

Na mteja akatokea. Mama mmoja mwenye asili ya Kihindi, ana mgahawa mdogo Msasani, aliyeonja kobla hiyo kwenye harusi ya mfanyakazi wake. Alisema Alhamisi jioni ndugu zake wote hukusanyika kwake kula baada ya ibada yao. Apelekewe trei tatu. Wakiipenda, ataiweka mgahawani kila wiki. Alhamisi! Jirani yangu alinisimulia huku anacheka, akasema tena kwamba funga haivunjwi kwa ajili ya mgahawa. Shemeji upo, alisema.

Siku ilipofika, mapichesi aliyokuwa ameagiza yalikuja magumu kama viazi, mabichi nusu. Nilipita kwake saa nne nikamkuta kayachemsha hayalainiki, na dereva wa mgahawa atakuja saa tisa. Alikuwa na jasho, midomo imemkauka. Nilirudi kwangu kuandika, lakini sikuandika kitu, nilikuwa nasikia sufuria zinagongwa. Kumbe ndipo alipofanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa hapa kwetu angelifanya akishindwa na maharage au kisamvu. Alichukua magadi. Chembe tu, alisema baadaye, kiasi cha kucha. Matunda yalitoa povu, yakalainika mara moja, na rangi yake ikafifia. Aliogopa, akakamulia ndimu, akaongeza sukari, akadondosha unga, akaingiza motoni.

Aligonga ukuta saa nane na nusu. Trei tatu zilikuwa mezani, nzuri kuziangalia, na bakuli dogo pembeni alilojiwekea la kufuturia. Alinipa kijiko, hakukaa. Aliniambia kila kitu, magadi na ndimu na povu, kisha akaniuliza waziwazi: "Shemeji, yanasikika?"

Nilichota. Yalisikika. Utamu ulitangulia, halafu nyuma yake ikaja ladha ya sabuni, ikakaa kwenye koo. Nilimwangalia. Amesimama tangu alfajiri kwa magoti yale, hajanywa hata maji, mkono mmoja umeshika meza. Nikaona nikisema, ataanguka. Nikaona pia, na hili linaniuma zaidi, kwamba sitaki kuwa mie mwenye kusema.

"Hayasikiki kabisa," nikamjibu. "Tamu."

Alishusha pumzi kwa nguvu, akasema alhamdulillahi. Dereva alikuja, trei zikafungwa, zikaondoka. Nikarudi kwangu nikakaa kitandani. Nilijiambia labda ni ulimi wangu. Labda ikipoa itakata. Wageni wana adabu zao, watakula na kushukuru, nani atamwambia mwenye nyumba kwamba kitindamlo chake kinanuka sabuni? Nilikuwa naangalia saa kila baada ya dakika mbili. Kutoka saa tisa hadi magharibi niliwahesabia wageni wa Msasani safari yao yote, sasa wanavaa, sasa wanatoka, na jasho linanitoka kwapani. Nilijua jirani yangu atasikia adhana, atakula tende, atakunywa maji, kisha atavuta lile bakuli.

Adhana iliisha. Zikapita kama dakika kumi. Mlango wangu ukagongwa, siyo ukuta.

Alikuwa ameshika bakuli. Hakunisalimu. "Onja," aliniambia. Nikaonja. "Yanasikika?"

Nikasema yanasikika.

"Na mchana?"

Nilianza kusema kwamba nilimwonea huruma, alivyochoka, na magoti. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, maana alikuwa mtu wa kusikiliza. Kisha akasema taratibu, bila kupandisha sauti: "Ulimi wako niliuazima kwa sababu wangu umefunga. Kapu zima la mapichesi lilikuwa limebaki jikoni. Ungeniambia saa ile, ningempigia dereva aje magharibi, ningeyachemsha taratibu bila magadi, ningepika upya."

Akatoa simu palepale mlangoni. Nilimsihi asipige, nikamwambia huenda wasigundue, na akipiga ndiyo basi tena, atahama. Aliniangalia kwa mshangao, kama mtu aliyeanza kunijua jioni ile. Akapiga. Alimwomba radhi yule mama, akamwambia asiwawekee wageni ile ya mapichesi, amekosea katika kupika. Yule mama alimshukuru, kwa upole, akasema wataangalia kitu kingine. Alhamisi iliyofuata hakupiga. Nyingine pia. Sokoni mapichesi yakaanza kupungua, kila siku ninapopita naona mafungu yamekuwa madogo, nami natamani kuwaambia wauzaji wasubiri. Yakaisha.

Katika wiki hizo za kungoja alipika mara kadhaa, za kuuza hapahapa mtaani, na Jumatatu moja nikasikia harufu ya mdalasini. Nikaacha kalamu, nikakaa tayari. Ukuta haukugongwa. Nilisikia anamwita yule mama muuza mchicha wa kona, ambaye mtaa mzima tunamkwepa kwa mdomo wake mchafu. Mama mchicha alionja, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba imezidi hiliki, imekuwa kama dawa ya kikohozi. Na jirani yangu akacheka! Alicheka kwa furaha, akamwambia asante dada, Alhamisi uje tena. Sijawahi kuonea mtu wivu kama nilivyomwonea muuza mchicha siku ile.

Akahama. Tuliagana vizuri, aliniombea afya, hakunitupia neno. Alipofika Dodoma aliwahi kunipigia mara mbili, akasema anakaa vizuri, mkwewe mpole, wanamkataza hata kuosha kikombe. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayehesabu siku.

Nimejaribu kujitetea kwamba ni malezi. Tumelelewa hivyo: chakula cha mtu hakitiwi kasoro, unakula, unasema ahsante. Sawa, ukiwa mgeni. Lakini tumeitoa adabu ile mezani tukaipeleka kila mahali. Fundi cherehani anakushonea shati bega moja limepanda, unamwambia safi sana fundi, ukifika nyumbani unalitupa kabatini na hurudi kwake maisha. Yeye anabaki anajiuliza wateja wamekwenda wapi. Mwalimu anafundisha vibaya, wazazi tunampa hongera kwenye kikao na kumhamisha mtoto kimyakimya. Ofisini bosi anasoma mpango ambao kila mtu chumbani anajua hautafika, tunapiga makofi. Hata mie mnaniandikia kila wiki, umetisha mwandishi, na wiki nyingine najua kabisa nimeandika pumba. Tunaita huo ni upole. Upole gani unaomwacha mtu aende kuumbuka peke yake? Mimi sikumhurumia jirani yangu. Nilijihurumia mie, nisiuone uso wake ukibadilika.

Wiki iliyopita kijana wake alikuja Temeke kusoma arobaini ya mama katika nyumba ile, ili majirani tushiriki. Baada ya dua aliniomba niseme maneno mawili, kwa kuwa mie ni mwandishi na rafiki wa marehemu baba yake. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, ya moyo mweupe na mkono wa baraka. Nikaanza nayo. Kisha nikaona wanavyotikisa vichwa, wote wameridhika, na nikasikia nasema "tamu" kwa mara nyingine. Nikaacha. Nikawaeleza habari ya magadi, yote, na swali aliloniuliza, na jibu nililompa. Nikasema mama huyu hakutaka kwenda Dodoma, na kwamba mie ndiye niliyempeleka.

Mzee mmoja alikohoa. Kijana alikuwa amekunja mikono, ananitazama, nikawa nangoja anitukane, na kusema kweli nilitaka anitukane. Akasema: "Mie nilimuuliza mama, siku ile ilikuwaje ukakosea hivyo. Aliniambia alikuwa amefunga, na hakuwa na mtu wa kumuonjea."

Nilirudi kukaa. Kwanza nilidhani alinisitiri, na machozi yakanitoka kwa shukrani. Lakini nimelifikiria jibu hilo juma zima, na simjui marehemu kwa kusema lisilokuwepo. Mtu akikuuliza kazi yake ikoje wakati bado ana muda wa kuitengeneza, anakuomba kitu kimoja tu, na ukimnyima hicho, yote mengine unayompa hayana kazi. Nilikuwa nimesimama pale jikoni, na kijiko mkononi, na nilichota, na nilimeza. Lakini alisema kweli. Hakuwa na mtu.